Usiing'oe Kwenye Karatasi Yake: Kukusanya Stempu za Ushuru na Leseni za Ireland

Anayeanza kukusanya stempu hufundishwa mapema namna ya kuziloweka. Unakata kona ya bahasha, unaitia kwenye maji ya uvuguvugu, gundi inalegea, stempu inajiachia, unaianika. Kwa stempu za kawaida za posta hakuna hasara kubwa. Kwa stempu za ushuru za Ireland, zile zilizobandikwa kwenye hati za mahakama, mikataba ya ardhi, risiti za maduka na leseni za mbwa, kuloweka ni kuharibu. Stempu ya namna hii ilibandikwa kwa sababu maalumu, kwa ajili ya mtu fulani, siku fulani, na sababu hiyo imeandikwa kwenye karatasi iliyo chini yake. Ukiibandua unabaki na kipande cha rangi chenye tarakimu. Kwa hiyo shika jambo hili tangu mwanzo: kusanya hati yenye stempu, usikusanye stempu peke yake. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa unatokana na hilo.

Stempu ya ushuru ni ushahidi kwamba serikali imelipwa chake. Msomaji aliyenunua kiwanja Kenya au Tanzania anaujua ushuru wa stempu, na wazee wanakumbuka risiti iliyosainiwa juu ya stempu ili isiweze kutumika tena. Utaratibu huo ulitufikia kupitia utawala wa Waingereza. Ireland iliupata mapema zaidi, na kwa kuwa nchi hiyo ilipitia bunge lake lenyewe, muungano na Uingereza, vita vya uhuru, kugawanywa na kisha jamhuri, kila badiliko la utawala liliacha alama kwenye karatasi za kodi. Ndiyo maana naiona Ireland kuwa mahali pazuri mno pa kujifunzia aina hii ya ukusanyaji. Ni nchi ndogo, karatasi zake bado zinapatikana, na kwa sehemu kubwa bei ziko chini ya zile za stempu za posta zinazogombaniwa na wengi.

Kwanza jifunze kusoma kiasi

Kabla ya mwaka 1971 Ireland ilitumia pauni, shilingi na peni. Peni 12 zilifanya shilingi moja, na shilingi 20 zilifanya pauni moja. Peni iliandikwa kwa herufi d. Shilingi ilitengwa na peni kwa mkwaju, kwa hiyo 2/6 ni shilingi mbili na peni sita, na 5/- ni shilingi tano kamili. Mwandiko huu haupaswi kukutisha. Tunapoandika 500/= kwenye risiti za kwetu, ule mkwaju umetoka huko huko. Tarehe 15 Februari 1971 Ireland iliingia katika hesabu ya pauni yenye peni 100, kisha mwaka 2002 noti na sarafu za euro zikashika nafasi.

Kuna mtego kwa hati za zamani sana. Hadi mwaka 1826 pauni ya Ireland ilikuwa na thamani ndogo kuliko ya Uingereza: pauni 13 za Ireland zilikuwa sawa na 12 za Uingereza. Hati ya Dublin ya mwaka 1810 inapotaja shilingi, ni shilingi za Ireland. Ukiandika maelezo ya mkusanyo wako bila kulijua hili, hesabu zako hazitalingana na za hati.

Hati za mihuri ya kubonyeza

Ushuru wa stempu ulianza Ireland mwaka 1774, kwa sheria ya bunge lililokuwa Dublin. Wakati huo hapakuwa na stempu ya kubandika. Karatasi tupu ilipelekwa kwenye Ofisi ya Stempu, ikawekwa chini ya mashine yenye chapa ya chuma, ikabonyezwa mpaka umbo likainuka: kinubi, taji na kiasi cha ushuru. Ndipo mwanasheria alipoichukua na kuandika mkataba. Kinubi hicho ndicho kitakachokusaidia kuitambua hati ya Ireland katikati ya rundo la hati za Kiingereza zinazofanana nayo.

Tazama kwa makini hati ya ngozi ya mnyama, kwa mfano mkataba wa kukodisha shamba. Ngozi haishiki umbo lililobonyezwa jinsi karatasi inavyolishika, kwa hiyo makarani walitumia njia ya pekee. Walichukua kipande kidogo cha karatasi, mara nyingi cha buluu, wakakigandisha kwenye ngozi, wakapitisha ukanda mwembamba wa bati uliotoboa vyote viwili, kisha wakabonyeza muhuri juu yake. Geuza hati upande wa nyuma. Utaona kikaratasi kingine kidogo kilichobandikwa juu ya ncha za ule ukanda, chenye herufi za jina la mfalme. Kazi yake ilikuwa kumzuia mtu asiuchomoe muhuri na kuupachika kwenye hati nyingine. Mara nyingi bati limeshika kutu na kuacha doa la kahawia kwenye ngozi. Usijaribu kulisafisha wala kuling'oa. Hati ambayo bado ina sehemu zote tatu, yaani kipande cha mbele, ukanda na kikaratasi cha nyuma, ni bora kuliko muhuri safi uliokatwa na kugandishwa kwenye albamu. Wakusanyaji wa zamani waliikata mihuri kwa maelfu, na vipande hivyo vinauzwa kwa bei rahisi. Nunua viwili vitatu vya kujifunzia, basi.

Magazeti nayo yalilipiwa ushuru tangu 1774. Nakala ya Freeman's Journal ya mwishoni mwa karne ya 18 ina muhuri wa wino pembeni mwa ukurasa, na ndani yake kuna matangazo ya meli, minada na watumishi waliotoroka. Ushuru wa magazeti ulifutwa mwaka 1855. Kwa maoni yangu gazeti moja zima lenye muhuri ndilo ununuzi wa kwanza mzuri kuliko wote: huhitaji lenzi ili kulifurahia, na muhuri wake hauwezi kutenganishwa na habari iliyoulipia.

Ukifika Dublin, nenda mtaa wa South William. Jumba la Powerscourt, ambalo leo ni kituo cha maduka na migahawa, lilinunuliwa na serikali mwaka 1807 likawa Ofisi ya Stempu hadi miaka ya 1830. Hati nyingi za kipindi hicho zilibonyezwa pale. Utaratibu wenyewe uliendelea muda mrefu ajabu, kwa kuwa mihuri ya kubonyezwa kwenye hati za Ireland iliachwa tu pale mfumo wa kielektroniki ulipoanza tarehe 30 Desemba 2009.

Mahakama ndogo na mbwa

Stempu za kubandika zilipoenea katika karne ya 19, zilichapwa Uingereza, na kila idara ya Ireland ilipewa zake zenye jina lake. Utakutana na Chancery Fund, Judgments Registry, Registration of Deeds, Admiralty Court, Land Registry, na kadhalika. Usijaribu kuzikusanya zote kwa pamoja. Chagua idara moja au mbili uzijue vizuri. Kama ningeulizwa, ningekuelekeza kwenye Petty Sessions na leseni za mbwa, kwa sababu hapo ndipo mwananchi wa kawaida wa kijijini alipokutana na serikali uso kwa uso.

Petty Sessions zilikuwa mahakama ndogo zilizosikiliza kesi za ulevi, ng'ombe walioingia shamba la jirani, madeni madogo na ugomvi wa njiani. Makarani wake walikuwa wakijilipa kutokana na ada walizopokea, na mwanya wa udanganyifu ulikuwa wazi. Sheria ya mwaka 1858 ilibadilisha hali hiyo. Ada ilianza kulipwa kwa stempu, na karani akalipwa mshahara. Kila hati ya kuitwa mahakamani ikabeba stempu yake. Unapopata hati ya namna hiyo ikiwa nzima, utaona jina la mlalamikaji, la mshtakiwa, kosa lenyewe, saini ya hakimu, na stempu iliyofutwa kwa kalamu. Kisha unaweza kwenda hatua moja mbele. Daftari nyingi za mahakama hizi zimesalimika, zimepigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti za utafiti wa koo. Tafuta jina na tarehe iliyo kwenye hati yako. Ukibahatika utaikuta kesi hiyo hiyo na hukumu iliyotolewa. Stempu iliyoloweshwa haiwezi kukufikisha huko.

Leseni za mbwa zilianza mwaka 1866, baada ya sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Wafugaji wa kondoo walikuwa wamelalamika sana kuhusu mbwa wazururaji. Mwenye mbwa alilipa shilingi mbili kwa kila mbwa, na peni sita za kuandikishwa. Kazi hiyo ilikabidhiwa karani yule yule wa mahakama ndogo, na daftari lake liliandika jina la mwenye mbwa, mahali anapoishi, na jinsia, rangi na aina ya mbwa. Stempu za leseni hizi zina mwonekano wa pekee na zinapendwa hata na watu wasiokusanya stempu. Leseni yenyewe ikiwa nzima ni adimu, kwa sababu iliyo rahisi kueleweka: mwaka ukiisha, nani anahifadhi leseni ya mbwa ya mwaka jana? Ukiipata yenye jina, kijiji na stempu, usibishane sana juu ya mkunjo au kona iliyochanika. Ireland bado inatoza leseni ya mbwa, na kwa miaka mingi ada imekuwa euro 20 kwa mwaka, kwa hiyo mfululizo huu unaweza kuufuatilia mpaka leo.

Mwaka 1922

Hapa ndipo mkusanyo wa Ireland unapokuwa na uzito wa kipekee. Mkataba wa uhuru kati ya Ireland na Uingereza ulitiwa saini tarehe 6 Desemba 1921. Serikali ya mpito iliyochukua madaraka Januari 1922 haikuwa na mashine wala muda wa kuchapa stempu zake, ikazichukua stempu zilizokuwepo zenye sura ya Mfalme George V na kuchapa maneno ya Kiairishi juu ya uso wake: Rialtas Sealadach na hÉireann 1922, yaani Serikali ya Mpito ya Ireland. Mnamo Desemba 1922, Dola Huru ya Ireland ilipoanza rasmi, maandishi yakawa Saorstát Éireann 1922, yaani jina la dola hiyo. Wengi wanajua habari hii kwa stempu za posta. Wachache wanajua kwamba stempu za ushuru nazo zilichapwa hivyo hivyo, idara kwa idara, na kwamba baadhi zilitumika kwa idadi ndogo sana kwa sababu idara yenyewe ilihudumia watu wachache.

Jizoeze kusoma herufi za kale za Kiairishi, kwani katalogi haitakusaidia kama huwezi kusoma kilichochapwa. Herufi s katika mwandiko huo hushuka kwa mguu mmoja na kufanana mno na r, na g ina kichwa bapa. Badala ya h baada ya konsonanti, huwekwa nukta juu ya konsonanti hiyo, kwa hiyo neno Sealadach huishia na c yenye nukta. Angalia nukta hiyo kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Wino wa maandishi halisi umezama sawasawa na kingo zake zinaonekana wazi. Maandishi ya kughushi mara nyingi yana wino uliotapakaa, au nukta iliyokaa mahali pasipo pake. Hapa tena hati inakulinda. Mwenye kughushi huona ni rahisi kuchapa maneno kwenye stempu iliyo huru kuliko kwenye stempu iliyokwisha kubandikwa kwenye hati ya mahakama ya Cork ya Agosti 1922, ikapigwa muhuri wa tarehe unaopita juu ya stempu na kuendelea kwenye karatasi. Kwa stempu yoyote ya 1922 yenye bei kubwa, pendelea muhuri unaovuka mpaka huo.

Mwaka huo huo, pamoja na ule uliotangulia, uliteketeza kumbukumbu. Tarehe 25 Mei 1921 wapigania uhuru walikuwa wameichoma Custom House ya Dublin, jengo la ofisi za kodi na za serikali za mitaa. Tarehe 30 Juni 1922, katika siku za mwanzo za vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa kwenye viwanja vya Four Courts, jumba la mahakama la Dublin, iliteketea, na hati za karne kadhaa zikapotea kwa siku moja. Mwaka 2022 watafiti walifungua hazina ya mtandaoni inayokusanya nakala na mabaki kutoka maktaba za nchi nyingi ili kuziba pengo hilo. Kwa mkusanyaji, maana yake ni hii: nakala iliyobaki kwenye sanduku la familia au kabati la wakili huenda ndiyo pekee iliyopo. Kuikata ili kupata stempu ni kumalizia kazi ya moto ule.

Baada ya uhuru

Kuanzia miaka ya 1920 Ireland ilichapa stempu zake za ushuru, zikiwa na kinubi na maandishi ya Kiairishi. Karatasi ya stempu za serikali ilikuwa na alama ya maji ya herufi SE zilizosukwa pamoja, na kuanzia 1940 ikawa herufi e. Tofauti hiyo hubadili bei. Ili kuona alama ya maji, wakusanyaji huiweka stempu kifudifudi juu ya kigae cheusi. Kwa stempu iliyo kwenye hati jaribu kuinua karatasi dhidi ya mwanga, na ukishindwa, tarehe iliyoandikwa kwenye hati itakuambia karibu yote unayohitaji.

Risiti ndizo mlango wa bei nafuu. Stempu ya kwanza ya posta ya Ireland huru, ile ya peni 2 yenye ramani ya kisiwa kizima iliyotoka tarehe 6 Desemba 1922, inapatikana kwenye risiti nyingi za maduka, saini ya mwenye duka ikipita juu ya ramani. Wakusanyaji wa posta huziona zimeharibika. Wewe zichukue. Kichwa cha karatasi kina picha ya duka, orodha ya bidhaa, jina la mji, pengine hata aina ya chai iliyouzwa. Hundi za benki za kipindi hicho, zenye muhuri wa ushuru uliochapwa, ni rahisi vilevile.

Stempu za bima ya wafanyakazi zina historia nzuri, ila zinachosha kuzitafuta, kwa kuwa kadi zilirudishwa serikalini muda wake ulipoisha. Ninayoipenda zaidi ni ile iliyotokana na sheria ya mwaka 1942 kwa ajili ya mafundi wa ujenzi. Mvua ya Ireland husimamisha kazi mara kwa mara, na fundi asiyefanya kazi halipwi. Sheria iliamuru stempu zibandikwe kwenye kitabu cha kila fundi, naye akalipwa fidia kwa saa ambazo hali ya hewa ilimzuia. Watu wakaziita stempu za wakati wa mvua. Bima kwa stempu iliachiwa makato ya mshahara Aprili 1979, lakini mpaka leo Mwairishi akisema ana stempu za kutosha, anazungumzia michango yake ya pensheni.

Usisahau Ireland Kaskazini. Baada ya kisiwa kugawanywa mwaka 1921, bunge la Belfast lilipewa mamlaka juu ya ushuru wa stempu, na stempu zenye maandishi Northern Ireland zikaanza. Unaweza kuzikusanya sambamba na za kusini. Hati mbili za mwaka mmoja, moja ya kila upande wa mpaka, hupendeza zikiwekwa ukurasa mmoja.

Kununua

Wauzaji wengi hawana fungu la stempu za ushuru. Huziweka mwisho wa katalogi, baada ya stempu za posta. Mtandaoni tafuta kwa maneno ya Kiingereza Irish revenues au Irish fiscals, kisha tafuta tena kwa maneno ya wasiokusanya stempu: old deed Ireland, summons, dog licence, billhead. Njia hii ya pili ndiyo inayoleta hati nzima, kwa sababu anayeuza karatasi za kale mara nyingi haitaji stempu iliyo juu yake. Omba picha ya mbele na ya nyuma. Kwa hati ya ngozi, omba picha ya kile kikaratasi cha nyuma.

Jihadhari na stempu iliyosafishwa. Stempu kubwa za posta za 2/6, 5/- na 10/-, zile zenye picha ya Britannia na farasi wa baharini na maandishi ya 1922 juu yake, zilitumika pia kulipia ushuru. Bei yake ni ndogo zikiwa na saini ya kalamu na kubwa zikiwa hazikutumika, kwa hiyo walaghai huufuta wino, wengine wakaweka muhuri bandia wa posta. Anayefahamu stempu kubwa za Kenya, Uganda na Tanganyika amekwisha kuuona ujanja huu. Taa ya miali ya urujuanimno mara nyingi hufichua alama ya wino uliofutwa, na rangi iliyopauka ni dalili nyingine.

Muulize muuzaji hati imetoka wapi. Hati yenye namba ya rafu au muhuri wa hifadhi ya taifa huenda iliibwa. Iache, na ikiwezekana iarifu hifadhi yenyewe. Kumbukumbu za serikali na za mahakama za Ireland ziko chini ya Sheria ya Hifadhi ya Taifa ya mwaka 1986, na utoaji wa hati za kale nje ya nchi hiyo una masharti yake, kwa hiyo kabla ya kulipia hati kongwe iliyoko Dublin uliza kama inahitaji kibali. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwa elimu zaidi, jiunge na chama. Irish Philatelic Circle ina makao Uingereza, na Éire Philatelic Association iko Marekani; vyote viwili vilianzishwa mwaka 1950 na vina majarida yao. Revenue Society huwakutanisha wakusanyaji wa stempu za ushuru wa nchi zote. Msomaji aliye London anaweza kuomba kuona kumbukumbu za idara ya stempu ya Inland Revenue zilizo katika Maktaba ya Uingereza, na aliye Dublin ahudhurie maonyesho ya Stampa, ambako wauzaji wenye masanduku ya karatasi huwa na subira ya kukueleza.

Kutunza katika hali ya hewa yetu

Hati ya Ireland iliyoishi miaka 150 kwenye nyumba ya baridi inaweza kuharibika ndani ya msimu mmoja Tanga au Mombasa. Unyevu ndio adui wa kwanza. Ngozi hunyonya maji na kujikunja, gundi ya stempu inaamka, na madoa ya kahawia yanatokeza kwenye karatasi. Weka hati mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu, ndani ya sanduku linalofungwa vizuri, na vipakiti vya kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja na viatu vipya, ukivibadilisha mara kwa mara. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa kila saa ni kibaya kuliko chumba kisicho nacho, kwa sababu hati hutanuka na kusinyaa bila kupumzika. Fungua sanduku kila mwezi utazame kama kuna mchwa au wadudu wa karatasi. Vidonge vya naftalini visiwe ndani ya sanduku hilo.

Tumia mifuko ya plastiki ya poliesta iliyo wazi upande mmoja. Mifuko laini inayonuka kemikali hufyonza rangi ya stempu. Na tafadhali, usipige laminesheni. Najua ndivyo tunavyohifadhi vyeti vya shule na vya kuzaliwa, na nia ni njema, lakini joto la mashine hukunja ngozi, hubana muhuri uliobonyezwa mpaka umbo linapotea, na gundi yake haitoki tena. Selotepu nayo isikaribie. Hati iliyochanika iache ilivyo ndani ya mfuko wake, ikiwa imelazwa bapa. Iliyokunjwa kwa muda mrefu usiilazimishe. Ifungue kidogo kidogo kwa siku kadhaa chini ya uzito mwepesi.

Kuandika maelezo

Kila hati ipate ukurasa wake wa maelezo kwenye karatasi ya pembeni, isiandikwe juu yake hata kwa penseli. Andika ni hati ya nini, nani walihusika, mji na kaunti, tarehe, ushuru ulikuwa kiasi gani na ulilipwa kwa sheria ipi ukiijua, stempu ilifutwa kwa njia gani, ulinunua wapi na kwa bei gani. Kama hati ni ya miaka ya karibuni na ina majina na akiba ya benki ya watu ambao huenda wako hai, zifunike sehemu hizo kabla ya kuonyesha picha yake hadharani.

Picha ya muhuri wa kubonyezwa ina namna yake. Ukiipiga kwa taa ya juu utapata karatasi nyeupe tupu. Zima taa ya chumba, laza hati mezani, washa tochi ya simu nyingine ukiishika karibu usawa wa meza, upande wa kushoto juu, ili mwanga ukwaruze uso wa karatasi. Sogeza tochi taratibu huku ukitazama kwenye kioo cha simu. Nyuzi za kinubi zikianza kuhesabika, piga picha hapo hapo, kisha piga nyingine tochi ikiwa upande wa kulia, kwani maandishi ya kiasi cha ushuru mara nyingi husomeka kwa mwanga wa upande mmoja tu.